Kikundi: Ukoo wa Muyuni 🌴

Salum 19:02
Asalaam aleikum nyote. Jumapili alfajiri twaingia shamba, nguruwe wamechimbua muhogo wa Bi Mkubwa tuta zima na mengine wameyatafuna nusu wakayaacha. Upinde wa babu uko kwangu nshautia kamba mpya ya upote. Kila mtu aseme yumo au hayumo

Salum 19:48
Tiki za buluu naziona jamani

Khamis 20:05
Waaleikum salaam. Umeujaribu lakini?

Salum 20:06
Nimeujaribu uani kwenye gunia la makumbi, mshale unakwenda kushoto tu. Na njiani unapiga mkia kama changu alotolewa majini

Khamis 20:07
Ikate mishale iwe mifupi

Juma 20:09
Usikate weye! Kwa mtu wa mkono wa kulia fito ya mshale ikiwa ngumu kuliko nguvu ya upinde ndo hukimbilia kushoto, ukiikata unaizidisha ugumu. Tia chembe (ncha ya mbele) nzito zaidi au ikwangue fito ilegee kidogo. Halafu toa manyoya kwenye mshale mmoja uupige mtupu, manyoya yanaficha makosa

Mwanaidi 20:11
Juma kawa fundi mishale lini 😂😂

Juma 20:13
Nilipokuwa Karatu nikishuka Mang'ola, Wahadzabe wa ziwa Eyasi wale, fito wanaipasha moto wanaiuma kwa meno mpaka inyooke, manyoya ya kanga. Salum upote wa nini huo?

Salum 20:14
Mshipi wa nailoni nimeusokota

Juma 20:17
Ndo hapo. Nailoni yavutika, ukipiga mara mbili tatu upote ushasogea kwenye mti wa upinde. Weka ngumi kwenye mti unyanyue dole gumba, ncha ya dole iguse upote, ukipwaya zidisha misokoto. Na mshale mtupu ukigota mkia uko juu basi shusha pahala unapoupachika kwenye upote, pafunge uzi iwe alama

Mwanaidi 20:20
Na podo la kutilia mishale liko wapi? Upinde ulikuwa na podo lake mpaka harusi ya Zuhura

Khamis 20:21
Tusianze

Mwanaidi 20:21
Mie nimeuliza tu podo. Mbuzi sijamtaja

Khamis 20:22
_Ujumbe huu umefutwa_

Salum 20:23
JUMAPILI. Nani yumo??

Ami Haji 20:30
Mie mgongo. Ntaleta chai

Mwanaidi 20:31
Nguruwe wataisikia harufu ya tangawizi wahame wenyewe, upinde wa nini tena 😂

Babu Makame 21:16
Nimesomewa yote. Upinde ule baba yangu alikuja nao kutoka Mrima, pwani ya bara, sie huku msako wetu ni mbwa na mkuki na wavu. Hautoki uani mpaka mshale mtupu uende sawa mbele ya Juma. Mnyama akikimbia na chembe tumboni akafia msituni huko, dhambi ni ya alopiga. Paa nunga asiguswe, analindwa yule, na mkiguswa nyie na watu wa misitu mie sitoki kwenda kumtoa mtu. Khamis podo lirudi.

Salum 21:52
Tumesikia babu. Basi Jumamosi baada ya alasiri tujaribu kwangu, Jumapili tutaona. Juma utakuja?

Juma 22:10
Inshallah, boti ikirudi mapema

Khamis 22:14
👍🏽

Mwanaidi 22:15
Dole hilo la podo au la Jumamosi?

Zuhura 23:40
Ndo naona sasa hivi. Muhogo wa nani umeliwa?

Salum 23:41
Zuhura soma juu. Na makumbi nani analeta, gunia langu lishapasuka