Ushauri: Aliyepandikizwa figo anaweza kuhamishia prednisoloni usiku ili afunge Ramadhani?

MkaziWaNgamiani
Assalaam alaykum, na habari za wakati huu wakuu. Mimi ni mwanamume wa makamo, mkazi wa Tanga, na miaka kadhaa iliyopita nilipandikizwa figo niliyopewa na dada yangu, baada ya kuchuja damu kwa muda mrefu. Natumia takrolimusi na mikofenoleti kila baada ya saa 12, pamoja na prednisoloni ya miligramu 5 asubuhi nikishakula, zote za kuzuia mwili usiikatae figo. Kreatinini yangu, kile kipimo cha damu cha kazi ya figo, haijawahi kunitia hofu. Miaka yote hii sikufunga, na mwaka huu nimenuia. Ninaloomba ni uzoefu wa mwenzetu anayepanga dawa zake kati ya futari na daku, hasa hiyo prednisoloni: je, ni lazima imezwe asubuhi, au yaweza kuhamishiwa usiku, au hata kuachwa kwa mwezi mmoja pasipo madhara? Nina uchovu kidogo na kichefuchefu, ambavyo nadhani ni mwili kuzoea saumu. Naomba uzoefu, siombi lawama.

Mwanafunzi wa Madrasa
Wa alaykum salaam. Sikulaumu, ila nakukumbusha kwamba Suratul Baqara imeshamtaja mgonjwa na msafiri, wakalipe siku nyingine, na asiyeweza kabisa anatoa fidia ya kumlisha maskini. Ruhusa hiyo haikuwekwa kwa ajili ya watu dhaifu wa imani. Kuikataa huku ukijua kwamba unajidhuru ni jambo ambalo ningependa ulipeleke kwa mwanachuoni kabla hujalileta kwetu.

Mpwa wa Mzee Hamadi
Mkuu, umenikumbusha marehemu mjomba wangu, aliyepandikizwa huko Chennai enzi ambazo hapa nchini huduma hiyo haikuwepo, na familia nzima ilichangishana hadi shamba la minazi likauzwa. Yeye alikuwa akimeza siklosporini, nayo ya kuzuia mwili usiikatae figo, na dawa ile ilimwotesha nywele mpaka kwenye paji la uso na kumvimbisha ufizi, kiasi kwamba wajukuu walimwogopa. Prednisoloni nayo ilimpa shavu la mviringo, na kila aliyekutana naye sokoni alimpongeza kwa kunawiri. Alikuwa akicheka na kuwaambia kwamba kunawiri kwenyewe kumeletwa na famasi. Kuhusu kufunga sijui, kwa sababu yeye hakuwahi kufunga hata alipokuwa mzima.

Mama Wawili
Kaka, naomba nikuulize jambo moja kabla uzi haujaenda mbali. Umeandika "au hata kuachwa". Hiyo prednisoloni bado unaimeza, au umeshaiacha?

MkaziWaNgamiani
Nashukuru kwa michango. Suala la ruhusa nalifahamu, na mwanachuoni nimeshazungumza naye, akasema inategemea kauli ya daktari. Kliniki yangu ijayo ni baada ya Idi, ndiyo maana nimeuliza hapa. Kwa takrolimusi na mikofenoleti sina shaka, kwani nazimeza wakati wa kufuturu na wakati wa daku.

Mama Wawili
Hujajibu. Niliuliza kuhusu prednisoloni.

Mpekuzi wa Maktaba
Wakati tunasubiri jibu, nadhani wengi hapa hawajui historia ya kidonge hiki, nayo inastahili kujulikana. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, akitumia kotisoni, homoni ya jamii moja na prednisoloni, ambayo mwanakemia Edward Kendall alikuwa ameitenga kutoka kwenye tezi za adrenali za ng'ombe, alimchoma sindano mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi hata kutembea vizuri, na baada ya siku chache hali yake ikabadilika kwa namna iliyowashangaza wote. Mwaka 1950 wawili hao, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel. Upandikizaji wa figo wa kwanza uliofanikiwa, uliofanyika Boston mwezi Desemba 1954 chini ya Joseph Murray, ulikuwa baina ya mapacha wa kufanana, na hapakuwa na haja ya kuzuia kinga kwa sababu mwili haukuona ugeni. Kwa ndugu wasio mapacha figo zilikuwa zikikataliwa karibu kila mara, mpaka miaka ya mwanzo ya 1960 pale Thomas Starzl huko Denver alipounganisha azathioprini, dawa ya kuzuia kinga, na prednisoni, ndugu wa karibu wa prednisoloni, akaonyesha kwamba hata figo iliyokwisha kuanza kukataliwa inaweza kurudishwa kwa dozi kubwa za steroidi, yaani dawa za kundi hili la prednisoloni. Kwa hiyo ndugu yetu anapokiona kidonge chake kuwa kidogo, ajue kwamba kabla yake wagonjwa wa aina yake walizikwa.

MkaziWaNgamiani
Mama Wawili, kwa kuwa umesisitiza, nitasema. Prednisoloni niliiacha katikati ya Shaabani. Sikuiacha kwa kukurupuka. Dawa ile ilinitia njaa isiyoelezeka kila asubuhi, ilinipandisha sukari ambayo sikuwa nayo kabla ya upandikizaji, na nilijua kwamba kwa njaa ile nisingeweza kufunga hata siku moja. Tangu niiache sukari imeshuka vizuri sana hadi nimepunguza vidonge vyake, na presha, iliyokuwa ikinisumbua miaka yote, sasa iko chini kiasi kwamba kidonge chake pia nimekiweka pembeni. Nimepungua uso. Kwa maneno mengine, kila kipimo ninachokichukua nyumbani kinaonyesha kwamba nilifanya jambo sahihi, isipokuwa huo uchovu, kizunguzungu nikiinuka, na tangu jana kutapika.

Dawa na Kipimo
Ndugu yangu, mimi ni mfamasia, na naomba uyasome haya ukiwa unajiandaa kutoka nyumbani.

Swali uliloleta lina jibu jepesi. Kumeza prednisoloni wakati wa daku, pamoja na chakula, hakuna tatizo kubwa, kwa sababu hata mwili wenyewe huanza kumimina kotisoli nyingi, homoni yake ya asili inayofanya kazi kama prednisoloni, kuelekea alfajiri. Takrolimusi ndiyo ngumu zaidi, kwani huku kwetu muda wa kutoka magharibi hadi alfajiri haufiki saa 11, hivyo ukiimeza kwenye futari na daku, nafasi ya mchana inazidi saa 13 na ya usiku inapungua, na kiwango chake kwenye damu kinapaswa kupimwa, hakikisiwi.

Lakini hilo si tatizo lako la leo. Tezi za adrenali hutengeneza kotisoli kwa amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Pituitari inapoona prednisoloni ipo kwenye damu kila siku, huacha kutoa amri, na adrenali zilizokaa miaka bila kuamriwa husinyaa. Miligramu 5 unazoziona ndogo zinakaribiana na kazi ya kotisoli ambayo mtu mzima hujitengenezea kwa siku nzima. Ulipokata ghafla, uliondoa ya dukani wakati ya nyumbani haijaanza kutengenezwa, na kuanza kwake huchukua wiki, miezi, na kwa wengine hata mwaka.

Sasa tazama upya hivyo vipimo unavyojivunia. Kotisoli ndiyo inayosaidia kushikilia sukari wakati tumbo ni tupu, na ndiyo inayosaidia mishipa kushikilia presha. Sukari iliyoshuka "vizuri sana" na presha iliyoshuka mpaka unaona kizunguzungu ukiinuka, ukijumlisha uchovu na kutapika, ndiyo sura ya upungufu wa kotisoli. Na kwa kuwa unatapika, huna hakika kama hata takrolimusi inabaki tumboni. Nenda hospitali sasa hivi, useme sentensi ya kwanza kabisa kwamba umepandikizwa figo na umeacha steroidi, kwa sababu watahitaji kukupa haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, kwa sindano, ambayo kwa mtu mzima huanza na miligramu 100, pamoja na maji ya chumvi ya mshipa.

MkaziWaNgamiani
Nakuheshimu mfamasia, lakini mimi pia nimesoma. Zipo hospitali nyingi Ulaya na Marekani ambazo humwondolea mgonjwa steroidi ndani ya wiki ya kwanza baada ya upandikizaji, na figo zao zinaishi. Kama wao wanaweza kuishi bila prednisoloni, kwa nini mimi iwe lazima? Isitoshe nimesikia hamu ya chumvi ndiyo dalili ya adrenali kushindwa, na mimi chumvi sina hamu nayo. Nadhani ni chakula cha futari ya jana.

Dawa na Kipimo
Ulichosoma ni kweli, lakini hakikuhusu. Wale huchaguliwa tangu mwanzo, hupewa dawa kali ya kuzuia kinga siku ya upasuaji, na adrenali zao huwa hazijapata muda wa kulala. Zako zimelala miaka. Hiyo hamu ya chumvi hutokea pale adrenali zenyewe zinapoharibika, kama katika ugonjwa ambao Thomas Addison aliueleza mwaka 1855, kwa sababu hapo hata aldosteroni inayotunza chumvi hukosekana. Kwa ambaye adrenali zake zimelazwa na vidonge, aldosteroni huendelea, maana inaamriwa na figo zaidi kuliko pituitari. Kwa hiyo kutotamani chumvi hakukupi salama yoyote. Na kukataliwa kwa figo mara nyingi hakuumi, kunaonekana maabara tu. Umeshaondoka?

Bi Harusi Mstaafu
Nimesoma mpaka mikono imelegea. Miaka miwili iliyopita shoga yangu alinipa vidonge vya deksamethasoni, ambavyo naona navyo ni vya kundi hili la steroidi, nijaze mwili kabla ya harusi, nami nikanenepa kweli, mashavu na tumbo, ijapokuwa pale nilipopakusudia hapakuongezeka kitu. Nimeendelea kuvinunua duka la dawa bila cheti, viwili asubuhi na viwili jioni, kwa sababu nikikosa siku mbili nasikia mwili wote umevunjika. Nilidhani ni mazoea tu.

Shahidi Asiyeitwa
Nimekaa kimya vya kutosha. Uzi huu umetungwa. Kwanza, adrenali zimekaa juu ya figo, kila mwanafunzi wa sekondari anajua, sasa figo za mtu zikishatolewa na kuwekwa nyingine, hizo adrenali zinazosinyaa ni zipi? Pili, kila Ramadhani huja mtu na kisa cha namna hii, anachokoza mjadala wa dini, kisha anapotea. Tatu, mgonjwa anayetapika hana nguvu ya kuandika aya zilizonyooka hivi. Mleta uzi aweke picha ya kadi ya kliniki, jina alifiche.

Mama Wawili
Shahidi, katika hoja zako, ya kwanza ndiyo inayojibika, na jibu lake linakuangusha. Figo za zamani kwa kawaida hazitolewi, isipokuwa kwa sababu maalumu kama vile uvimbe au maambukizi. Figo mpya huwekwa chini, upande wa tumbo karibu na nyonga, na kuunganishwa na mishipa inayopita hapo. Nilimuuguza mume wangu, nimeigusa kwa mkono wangu. Adrenali zinabaki mahali pake zikiwa na mishipa yake ya damu. Hata anayechangia figo hubakiziwa adrenali yake.

Shahidi Asiyeitwa
Nakubali la figo. La picha bado.

Mpwa wa Mzee Hamadi
Tena niliposema huduma haikuwepo nchini, nilimaanisha enzi za mjomba. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nao wakaanza.

Dawa na Kipimo
Wakuu, iwe ametunga au hakutunga, ushauri ni ule ule, na yupo anayesoma kimya ambaye hakutunga. Mleta uzi, bado nasubiri.

MkaziWaNgamiani
Picha siweki. Ninaandika kutoka hospitali, nililetwa na dada yangu, yule yule aliyenipa figo, na kwa muda wa safari yote hakunisemesha. Sukari walipoipima ilikuwa chini. Nimechomwa haidrokotisoni, nina dripu, na kusema kweli baada ya saa chache kichwa kimekuwa chepesi kuliko wiki nzima iliyopita. Prednisoloni imerudishwa kwa dozi ya juu kidogo, itashushwa polepole, na nimeambiwa kwamba nikipata homa siku za mbele niiongeze mara mbili na kama natapika nije nichomwe. Kreatinini imepanda, wanarudia kipimo kesho. Bado nashikilia kwamba njaa ile na sukari ile ni matatizo ya kweli ambayo hakuna daktari aliyeyapa uzito nilipoyataja kliniki. Na bado nauliza: kumi la mwisho je?

Mwanafunzi wa Madrasa
Kumi la mwisho lina visimamo vya usiku, na usiku unakula na kumeza dawa zako. Simama usiku, mchana usifunge.

Dawa na Kipimo
Naunga mkono. Malalamiko ya njaa na sukari yaandike kwenye karatasi, umpe daktari mkononi, kwa sababu dozi hupunguzwa na vidonge vya sukari hubadilishwa, mradi mwenye kufanya hivyo ni yeye.

Dada Bi Harusi Mstaafu, sijakusahau. Kama ni vile vya nusu miligramu, vinne kwa siku ni sawa na takriban miligramu 13 za prednisoloni, zaidi ya mara mbili ya dozi ya mwenzetu huyu, na kule kuvunjika mwili si mazoea. Usiviache leo, usiviache ghafla kwa hofu ya uzi huu. Endelea navyo hadi umwone daktari wiki hii, beba pakiti yenyewe, mwambie umevitumia muda gani, naye atakupangia namna ya kushuka. Kama una krimu ya kung'arisha ngozi unayojipaka, ibebe pia, maana nyingine zina steroidi kali inayopenya mpaka kwenye damu.

Bi Harusi Mstaafu
Krimu ninayo. Ninunue nyingine gani wakati huu wa kusubiri?