Eti nyota zangu zina SURUA? Huyu jamaa nani kampa udaktari wa anga?

Mpiga_Anga: Wakuu, salamu baadaye, kwanza povu.

Mnamjua, simtaji. Yule ambaye ukitundika hata picha ya mwezi anakuuliza filta. Jana nimeweka picha yangu ya Nebula ya Carina, lile wingu la gesi angani, nimekesha nayo, nimeumwa na mbu wa mkoa mzima. Haidrojeni-alfa (Ha), ule mwanga mwekundu wa gesi, kwa filta ya bendi nyembamba inayopitisha rangi hiyo tu, juu ya rangi za kawaida za RGB (nyekundu, kijani, samawati) za bendi pana. Watu wanasifia. Anaingia yeye: "Mkuu, hizi nyota zina surua?"

Surua! Mbele za watu! Mpaka shemeji yangu asiyejua darubini ni nini kanitumia emoji ya sindano.

Haidrojeni haitoi mwanga mwekundu wa nanomita 656 tu, ina na beta yake kwenye 486, samawati. Ndiyo maana Ha nimeiongeza kwenye chaneli nyekundu na chembe kwenye samawati, nebula ikawa ya waridi kama inavyotakiwa. Yeye hilo hakuliona, kaona surua.

Na hakutosheka. Kachukua picha YANGU, kaichezea, kairudisha na maneno mawili: "Sasa zimepona." ZIMEPONA! Sikulala.

Komamanga: Weka picha. Uzi wa surua bila mgonjwa ni umbea.

Bibi_Darubini: Mimi nimeiona. Mjukuu wangu, gesi umeipatia, hongera. Ila Trumpler 14, lile kundi la nyota pale katikati, imejaa nyota changa zenye joto kali, zinatakiwa nyeupe ya kisamawati. Kwako zote waridi. Filta nyembamba haizuii nyota: nyota inang'aa kila urefu wa wimbi, kipande chake kinapenya humo humo. Ulizitoa kwenye Ha kabla ya kuchanganya? Unachukua Ha, unaondoa nyekundu ya RGB uliyoipunguza kiasi mpaka nyota zifutike. Kinachobaki ni gesi tupu, hicho ndicho unaongeza.

Mpiga_Anga: Shikamoo bibi. Hapa hatujadili kutoa nyota. Tunajadili adabu.

Kibatari: Kwa hiyo hakuzitoa 😂😂

Mpiga_Anga: Nimesema ADABU.

Komamanga: Chanjo ipo zahanati, bure.

Mzee_wa_Rosette: Wewe kwako surua tu unalia. Mimi picha yangu ya nebula ya Rosette, ya paleti ya Hubble ambayo kila gesi inapangiwa rangi yake, aliniuliza imechukua kadi ya chama lini. Sasa salfa inakaa kwenye nyekundu, haidrojeni kwenye kijani, oksijeni kwenye samawati, na haidrojeni ndiyo imejaa kuliko zote. Kijani nikifiche wapi? Nikapunguza kijani, akarudi: "Kumbe umehama chama." Nimefuta akaunti mara ya pili.

Bibi_Darubini: Ile mbona ilikuwa kijani kweli, baba.

Kibatari: Nyie mnagombania rangi, mimi jirani kafunga taa ya ulinzi ya LED inamulika mpaka ndani ya chandarua. Anasema wezi. Wezi gani, ana kuku watatu!

Mzee_wa_Rosette: Piga bendi nyembamba, nebula utapata hata chini ya taa hiyo.

Kibatari: Nebula sawa, na nyota? Rangi za nyota nazitoa wapi bila bendi pana? Nikifungua RGB anga lote linakuwa la huyo jirani.

Bibi_Darubini: Bendi pana nenda kaipige kijijini usiku mmoja, hata muda mfupi unatosha kwa nyota. Nyembamba piga hapo hapo nyumbani, kisha uziunganishe.

Kibatari: Kijijini kwa nauli ipi? Filta yenyewe kuitoa bandarini imenigharimu mbuzi wawili.

Komamanga: Mbuzi wa wapi hao?

Mpiga_Anga: Jamani, turudi kwenye mada.

Mzee_wa_Rosette: Singida bado wana bei nzuri, ila nenda mnadani mapema.

Komamanga: Dume au jike?