Tupeane uzoefu: uliondolewa kundini, je, uliambiwa sababu?

Mwalimu wa Tororo

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari wilayani Tororo, na ninaanzisha mjadala huu kwa sababu jambo lililonipata mwezi uliopita limenikosesha usingizi kuliko lilivyostahili. Baada ya Baraza la Mawaziri la Uganda kuamua, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, sisi walimu wachache tuliokuwapo tulijikuta tukihitajiana, maana vitabu vilikuwa haba na wengi wetu tulikuwa peke yetu shuleni. Tukaunda kundi la WhatsApp. Humo tulipeana maazimio ya kazi, mitihani ya majaribio, na hata ushauri wa namna ya kumweleza mtoto anayezungumza Dhopadhola nyumbani kwa nini tunasema "maji haya" wala si "maji hii".

Mwaka jana tulikubaliana kila mmoja atume shilingi 10,000 kwa simu ya msimamizi wetu ili kichapishwe kitabu kidogo cha mazoezi. Tulituma watu 62. Mihula ikapita, kitabu hakikuonekana, nami nikaandika kwa adabu zote: "Mheshimiwa mwenyekiti, tunaomba kufahamishwa uchapishaji umefika wapi na fedha zimetumikaje." Nilikuwa nimeketi jikoni nikichambua mukene, yaani dagaa. Nilipoinua simu baada ya dakika chache, mahali palipokuwa na ujumbe wangu palibaki mstari mmoja hafifu uliosema kwamba umefutwa na admini, na jina lake likiwa pembeni. Nikaandika tena. Safari hii sikuona hata mstari: sehemu ya kuandikia yenyewe ilikuwa imetoweka, na badala yake nikaarifiwa kwamba mimi si mshiriki tena.

Sikatai kwamba msimamizi ana haki ya kumtoa mtu. Kinachonisumbua ni ukimya. Programu ilitaja aliyefuta, lakini hapakuwa na mahali popote palipoandikwa kwa nini, wala mlango wa kubisha hodi. Wenzangu waliona jina langu likitolewa, na sijui waliambiwa nini. Kwa hiyo naomba tusimuliane: ni nini kilikupata, uliambiwa sababu, na je, kulikuwa na mtu mwingine wa kumwendea? Tafadhali tusitaje majina ya watu wala ya makundi.

Dereva wa Malaba

Mwalimu, pole sana. Kwetu sisi madereva wa malori kundi si mahali pa maongezi, ni macho. Aliye mbele anaandika foleni imeanzia wapi na mzani gani una msongamano, na aliye nyuma anaamua kama aendelee Malaba au akate kona kuelekea Busia. Msimamizi wetu alikuwa pia wakala wa forodha, na kwa muda mrefu hatukuona ubaya wowote, kwa kuwa alijua mambo mengi kabla yetu.

Januari 2022, serikali ya Uganda ilipotaka madereva wapimwe UVIKO-19 mpakani kwa kulipia, malori yalijipanga upande wa Kenya kwa makumi ya kilomita. Nilikuwa kwenye foleni hiyo, nikipika ugali kwa jiko la mafuta ya taa kando ya gurudumu. Siku hizo ndipo tulipogundua kwamba kila aliyetaja wakala mwingine aliondolewa, na kwamba hata dereva aliyeuliza tu kama Busia kuna nafuu alikuwa ameondolewa. Tulipoanza kuhoji, kundi likafungwa, admini akabaki peke yake mwenye uwezo wa kuandika. Kwa siku mbili, watu zaidi ya mia mbili waliokwama barabarani walisikia sauti ya mtu mmoja tu, na sauti hiyo ilikuwa na biashara yake.

Unauliza kama kulikuwa na mtu wa kumwendea. Hapakuwa na yeyote. Aliyeanzisha kundi la WhatsApp hawezi kuvuliwa uadmini na wengine, hata mkiwa wengi kiasi gani. Anabaki nao mpaka atoke mwenyewe. Ilitubidi kuhama, mmoja mmoja, tukaanzisha jingine lenye wasimamizi watatu kutoka kampuni tofauti.

Hajati wa Bombo

Letu ni kundi la akina mama la kusaidiana katika misiba na harusi. Msimamizi aligombana na wifi yake kwa jambo la nyumbani, akamtoa. Wiki hiyo hiyo wifi alifiwa, na nusu yetu hatukupata habari mpaka maziko yalipokwisha, kwa kuwa sisi Waislamu hatuchelewi kuzika. Sitaandika zaidi ya hapo. Msimamizi ni ndugu yangu.

Mfasiri wa Ntinda

Mimi niliondolewa nikiwa sina kosa wala intaneti. Nilikuwa katika kundi la wafasiri lililoendeshwa kutoka Dar es Salaam. Kazi ziligawanywa humo, na kanuni ilikuwa kwamba asiyeitika kwa siku tano mfululizo anatolewa ili nafasi yake apewe mwingine. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, kuamkia siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima, na haikurudi hadi tarehe 18. Hata iliporudi, mitandao ya kijamii iliendelea kufungwa na hatukuweza kuifikia bila VPN. Nilipofanikiwa kuingia, nilikuta nafasi yangu imekwisha kujazwa.

Nilimpigia msimamizi, akanijibu kwa upole kwamba sheria ni msumeno. Nami nikamkumbusha kwamba msumeno huo hukata mbele na nyuma, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupotea wiki nzima wakati wa harusi ya binti yake bila mtu kumgusa. Alicheka, akaomba siku chache awaulize wenzake, na siku ya tisa nikarejeshwa. Pamoja na hasira zote nilizokuwa nazo namheshimu mpaka leo, kwa sababu kanuni yake ilikuwa imeandikwa na simu yake aliipokea. Mwalimu hakupata hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Niliyekuwa admini, Kikuubo

Naomba nisimame upande wa pili, japo najua mtanisema. Kwa miaka mitatu nilisimamia kundi la wafanyabiashara wa jumla lililojaa hadi kikomo cha watu 1,024. Hakuna aliyenilipa. Saa nane za usiku simu inalia: mtu ameweka picha za aibu, mwingine anatangaza mikopo ya uongo, wa tatu anatukana kabila la mwenzake. Ukitaka kumwandikia kila mmoja maelezo hutalala. Tena Oktoba 2022, sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ilipofanyiwa marekebisho, hofu yangu iliongezeka, kwa kuwa sikuelewa kama neno la mtu mwingine ndani ya kundi langu lingeweza kunifikisha polisi. Mahakama ya Katiba ilikibatilisha kifungu cha 25 cha sheria hiyo, kilichoharamisha mawasiliano ya kuudhi, Januari 2023, lakini mimi nilikuwa nimeshazoea kufuta kwanza na kufikiri baadaye.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kijana mmoja muuza sukari alilalamika kwamba matangazo ya duka la shemeji yangu yanaachwa kila siku ilhali ya wengine yanafutwa. Alisema kweli. Nilimtoa, na watu walipouliza niliandika neno moja: "Tapeli." Sikuongeza kitu. Neno hilo lilimfuata mpaka dukani. Wenye maghala wawili waliokuwa wakimpa mzigo alipe mwisho wa wiki wakaanza kudai fedha taslimu kwanza. Siku moja alikuja kwangu, akakaa juu ya gunia la mchele bila kukaribishwa, akaniuliza, "Mzee, nimemtapeli nani?" Nilitafuta jibu, sikulipata. Nilimrejesha na kuomba radhi kundini, lakini mnajua jinsi mambo yalivyo: tuhuma waliisoma wote, radhi waliisoma waliokuwa na bando siku hiyo.

Nilinunua daftari la kurasa 96. Nikachora safu: tarehe, jina, nilichofanya, kanuni iliyovunjwa. Kila Ijumaa nilipiga picha ukurasa wa wiki hiyo na kuuweka kundini, na jina la kwanza kabisa katika ukurasa wa kwanza lilikuwa la shemeji yangu, jambo ambalo lilinigharimu mialiko kadhaa ya chakula cha Jumapili. Sikutarajia kwamba idadi ya niliowatoa ingepungua, lakini ilipungua, kwa sababu mara nyingi nilipofika kwenye safu ya mwisho nilikuta sina cha kuandika, nikaiacha kalamu na mtu akabaki.

Mhariri wa Wikipedia, Wandegeya

Daftari la mzee wa Kikuubo ni kitu ambacho sisi tunaohariri Wikipedia tunacho tayari. Hata katika Wikipedia ya Kiswahili, ambako msimamizi huitwa mkabidhi, kila ukurasa unaofutwa na kila mtumiaji anayezuiliwa huingizwa katika kumbukumbu iliyo wazi kwa yeyote, pamoja na jina la mkabidhi aliyechukua hatua, saa, na nafasi ya kueleza sababu.

Ila nisiwadanganye kwamba kumbukumbu peke yake inatosha. Wikipedia ya Kikroeshia ilikuwa na kumbukumbu hizo hizo, na bado kikundi kidogo cha wakabidhi wenye siasa kali za utaifa kiliishika kwa takribani miaka kumi, kikipotosha makala za historia ya Vita Kuu ya Pili na kuwazuia waliowapinga. Walalamikaji walikuwa na ushahidi mkononi, tena wa maandishi. Walichokosa ni mtu wa kumpelekea, kwa sababu waliosikiliza rufaa walikuwa wale wale waliotoa adhabu. Msaada ulitoka nje: mwaka 2020 jumuiya ya kimataifa ilimfungia mmoja wa vinara wao katika miradi yote, na mwaka 2021 Wakfu wa Wikimedia, unaoendesha Wikipedia, ukatoa ripoti ya tathmini iliyoeleza namna mradi ulivyotekwa.

Makampuni makubwa ya mitandao ya kijamii nayo yamekuwa yakidaiwa jambo hilo hilo. Kanuni za Santa Clara za mwaka 2018, zilizotungwa na watetezi wa haki za mtandaoni, ziliyataka yatangaze idadi ya yanayofutwa, yamwarifu mhusika sababu, na yampe nafasi ya kukata rufaa. Kundi la walimu halihitaji takwimu, lakini hayo mawili ya mwisho hayagharimu hata bando la siku moja. Mwalimu, ningekuwa wewe ningemwandikia msimamizi faraghani nimuulize hayo mawili tu, bila kugusa fedha.

Dereva wa Malaba

Nimesahau kituko kimoja. Yule wakala wetu alipoona watu wanahama alitoka mwenyewe kwa hasira, na kwa kuwa alikuwa admini pekee, programu ikamchagua mrithi kwa bahati nasibu. Ilimwangukia utingo aliyejiunga siku mbili kabla. Jioni nzima kijana huyo alikuwa bosi wa madereva waliobaki, wapatao mia moja, baadhi yao wakiwa na umri wa baba yake. Hakumtoa yeyote. Aliuliza tu kama kuna mwenye chaja karibu na mzani.

Mwalimu wa Tororo

Nawashukuru nyote, na Hajati nakupa pole kwa msiba ule ingawa ni wa zamani. Nilifuata ushauri wa mhariri. Nilimwandikia msimamizi faraghani nikamuuliza ni kanuni gani niliyovunja, na kama kuna mtu mwingine ninayeweza kumweleza. Alama mbili za buluu zilionekana usiku huo huo. Hajajibu.

Hata hivyo, jana mwenzangu mmoja wa Mbale alinitumia picha ya risiti ya mchapishaji iliyowekwa kundini: nakala 80, shilingi 400,000. Haijaelezwa shilingi 220,000 zilizosalia ziko wapi, lakini sasa kuna karatasi. Ameniambia pia kwamba siku niliyotolewa, wenzangu walielezwa kuwa nimejitoa mwenyewe kwa sababu za kifamilia, ingawa mstari uliosema kwamba nimeondolewa ulikuwa juu kidogo ya maelezo hayo, kwenye kioo kile kile. Hakuna aliyesema neno.

Dereva wa Malaba

Mwalimu, hiyo risiti ina tarehe gani?

Mwalimu wa Tororo

Siku tatu baada ya kuondolewa kwangu.