Naombeni ushauri, mume wangu kaombwa akapigwe picha za ubongo

Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Mimi niko Uingereza na mume wangu ni wa hukuhuku, mama mkwe ana Huntington, ule ugonjwa wa kurithi, mikono haitulii, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Kila mtoto wake ana asilimia 50 ya kuwa na hiyo jeni, mume hajapima na hataki kujua (namuelewa, dawa ya kuuponya hakuna). Sasa juzi kaombwa ajitolee kwenye utafiti, eti unalala ndani ya MRI (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili) unabonyeza vitufe huku wao wanaangalia damu yenye oksijeni inakimbilia sehemu gani ya ubongo, wanatafuta mabadiliko kabla dalili hazijaanza. Fomu nimeisoma mara mbili, nesi wao nimempigia kanijibu juujuu tu.

Waliowahi kushiriki au mnaofanya kazi hizi, hivi picha peke yake zinaweza kumfichulia kama anayo? Na akitolewa damu, wanaweza kubaki na majibu ya jeni bila kumwambia? Anatakiwa ajibu Ijumaa jamani.