Aliyesema kufungia kuku ni rahisi aje awalishe hawa 19

Wadau, nina hasira na sijaja hapa kubembelezwa. Mimi ni mfugaji mdogo wa Busia, upande wa Uganda. Mwezi wa tatu nilikuwa na kuku 23, wa kienyeji na wengine waliochanganya na kuroila, ile aina ya kuku iliyotoka India. Leo wamebaki 19, wako ndani ya uzio wa waya kama mahabusu, na sijui tena kama mimi ndiye ninayewafuga au wao ndio wanaonila.

Kisa chenyewe. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye miaka yote namwita shangazi, alipanda sukuma na dodo (mchicha wetu wa huku) nyuma ya nyumba yake. Kuku wangu wakaingia. Sikatai. Walichakura ile miche kana kwamba wamepewa kibarua. Nikaenda kuomba msamaha, nikampelekea jogoo na hela ya miche mingine, akapokea vyote viwili, nikajua yameisha. Wiki mbili baadaye naitwa kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji. Wazee wamejaa kwenye mabenchi, shangazi amekuja na ushahidi ndani ya beseni. Uamuzi: ndani ya siku 14 kuku wote wawe wamefungiwa, na baada ya hapo kuku atakayeonekana nje ni kitoweo cha aliyemkamata.

Nikauliza, "Mzee, na mbuzi wake je?" Maana mbuzi wa shangazi wamekula mihogo yangu misimu miwili na mimi nimenyamaza kwa ajili ya ujirani. Mzee akacheka: "Mwanangu, leo tunazungumza kuku."

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wangu si wageni, wametotolewa hapa hapa, na kamba wamefungwa.

Lakini LC nimeshamsamehe, alikuwa anatafuta amani ya kijiji. Ninayemtafuta mimi ni yule mtaalamu aliyetufanyia semina mwaka jana, mwenye kompyuta na picha za kuku weupe, aliyetuambia kuzurura ni ushamba, "wafungieni, mayai yataongezeka maradufu." Saa tatu nzima alizungumzia waya, mabati na vipimo. Kuhusu watakula nini ndani ya huo waya, dakika mbili. Soda yake nilimnunulia mimi.

Basi nikajenga. Roli ya waya wa kuku shilingi 150,000 za Uganda, nguzo za mkaratusi, misumari, bawaba za mlango, fundi 60,000 pamoja na rolex mbili (chapati iliyoviringishwa na mayai) kila siku maana bila kula hapigi msumari. Mita 4 kwa 3. Nilipomaliza nikapiga picha nikaiweka kwenye stetasi, watu wakanipongeza: mfugaji wa kisasa huyo!

Kuku anayezurura humlishi wewe. Unamrushia kiganja cha pumba asubuhi na ukoko wa posho, yaani ugali, jioni, mengine yote anayatafuta mwenyewe: mchwa, panzi, mbegu za majani, funza kwenye kinyesi cha ng'ombe, punje zilizomwagika pale kwenye mashine ya kusaga. Sikuwahi kuvitia bei vitu hivyo. Nilikuja kuvitia bei siku ya nne ya uzio, saa 4 asubuhi, pumba imeisha na kuku 23 wamejipanga kwenye waya wananikodolea macho.

Hesabu iko hivi. Kuku mkubwa aliyefungiwa anakula karibu gramu 100 kwa siku, anayetaga sana anafika 120. Kuku 23 ni kilo 2.3 kwa siku, kilo 69 kwa mwezi. Gunia la chakula cha kuku wa mayai nililonunua ni la kilo 70, shilingi 140,000. Kwa hiyo gunia zima linakwenda kila mwezi. Sasa njoo kwenye mayai. Nina mitetea 14, na kuku wa kienyeji si mashine. Anataga mzunguko wake, anaatamia, analea, anapumzika. Kabla ya uzio nilikuwa naokota mayai matano kwa siku, siku njema sita. Yai nauza 500. Matano ni 2,500, kwa mwezi 75,000. Hapo nimejipendelea na kudhani wangeendelea kutaga matano. Walishuka hadi mawili.

Nikajaribu ujanja. Nikaacha gunia la dukani, nikawapa pumba za mahindi tupu. Wanakula, tumbo linajaa, na mayai ndiyo yakapotea kabisa. Daktari wa mifugo akaniambia kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini kama asilimia 16 na pumba haifiki huko, tena ganda la yai moja tu linachukua karibu gramu 2 za kalsiamu kutoka mwilini mwake. Huko nje walikuwa wanajiokotea konokono, vipande vya mifupa, hata chokaa ya ukuta wa shangazi walikuwa wanadonoa (hilo naomba lisimfikie). Ndani ya uzio wataitoa wapi? Mayai yakaanza kutoka na ganda laini kama puto lenye maji. Mmoja akalikanyaga, likapasuka, wakaonja. Kuku akishajua utamu wa yai, kumwachisha ni kesi nyingine. Sasa nanunua mukene (dagaa) wa kusaga na makombe ya ziwani, na mke wangu ananiuliza kwa nini kuku wanakula samaki na sisi tunakula dodo.

Halafu kijana wa rolex pale stendi, mteja wangu wa miaka minne, akanirudishia mayai. Kavunja mawili mbele yangu kwenye kikombe. "Bosi, hili la kienyeji liko wapi?" Kiini kimepauka. Rangi ile ya njano iliyoiva inatokana na majani mabichi wanayokula, na majani kwangu yaliisha. Uzio ulipoanza kulikuwa na nyasi zinafika kifundo cha mguu. Siku tisa! Siku ya kumi ulikuwa udongo mtupu, mgumu kama sakafu, na kila kona shimo la duara walilochimba ili wajigaragaze vumbini. Mvua ikaja, mashimo yakawa madimbwi, udongo na kinyesi vikawa uji mmoja. Vifaranga vikaanza kuharisha damu. Daktari anasema kidudu kinacholeta ugonjwa huo kinapenda unyevu na msongamano, na kuku wanakimeza kutoka kwenye kinyesi chao wenyewe. Dawa ya kwenye maji, siku tano, hela tena. Maganda ya kahawa ya kutandika, hela tena.

Kuna kitu kimoja ambacho nikikikumbuka hasira inapanda upya. Jioni ile ya mvua ya kwanza, mvua imekatika, jua limetoka kidogo, kumbikumbi wakaanza kupanda kutoka kwenye kichuguu nyuma ya choo. Wanaofuga wanajua kuku na kumbikumbi. Zamani siku kama hiyo kuku wangu walikuwa wanakula mpaka kifuko cha shingoni kinavimba upande mmoja, wanatembea wameinama kama wamebeba mzigo. Safari hii wako ndani. Kichuguu kiko hatua kumi kutoka kwenye waya. Wakawa wanakimbia kando ya waya, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, wanapenyeza shingo kwenye matundu, wanarudisha, wanapenyeza tena. Kumbikumbi mmoja mmoja akikatika mabawa akaangukia ndani, wote wanamrukia. Mtetea wangu mzee, wa madoadoa, alichubuka upanga wa kichwani ukatoa damu kwa kung'ang'ana na tundu moja. Nilichukua ungo nikaenda kuwakusanyia. Mtu mzima, nimeinama kichuguuni naokota kumbikumbi kwa ajili ya kuku, na watoto wa shangazi wananiangalia.

Na ile damu ndiyo iliyoleta balaa. Kuku akiona chekundu lazima adonoe. Asubuhi yake yule wa madoadoa alikuwa amedonolewa kichwa chote, jioni wakahamia mkiani. Nikamtoa, nikampaka dawa ya buluu, nikamweka chini ya tenga jikoni. Niliporudi kwenye uzio walikuwa wameshachagua mwingine. Kuku walikuwa na kazi ya kuchakura kutwa nzima. Umewanyang'anya kazi hiyo, umewabana zaidi ya mmoja kwa kila mita ya mraba, sasa wanachakurana wao kwa wao. Hilo mtaalamu wa semina hakuliweka kwenye picha.

Wale wanne waliopungua? Kicheche. Waya wa kuku unamzuia kuku asitoke, kicheche haumpi shida yoyote. Alifukua chini, na hapa nakiri kosa ni langu: waya haukufukiwa hata kiganja, na mlango wa banda niliuacha wazi kwa sababu ya joto. Zamani walikuwa wanalala jikoni. Wanne kwa usiku mmoja, kala kichwa cha mmoja, wengine kawaua akawaacha. Fundi nikampigia, akasema yeye alilipwa kujenga juu, chini hatukuongea.

Kabla hamjanirukia: sisemi kuzurura ni peponi. Msimu uliopita mwewe alinibebea vifaranga tisa, boda ikaniulia jogoo barabarani, na ugonjwa wa kideri ukipita kijijini kuku wa kuzurura ndio wanaouleta nyumbani, ndiyo maana nachanja kila miezi mitatu, uzio au hakuna uzio. Tena sisi wa Busia hatuwezi kusahau Januari 2017, homa ya ndege ilipothibitishwa Uganda kwa ndege waliokufa kando ya Ziwa Viktoria na Kenya ikafunga mlango kwa kuku na mayai yetu. Ukiniambia fungia kwa sababu kuna homa, nitafungia usiku huo huo. Ukiniambia fungia ili upate faida, nionyeshe daftari lako kwanza.

NYONGEZA, saa 2 usiku. Nimesoma majibu yenu.

Wewe uliyeandika "fuga kuroila uache kulia": ndugu yangu, kuroila waliletwa Uganda kutoka India mwaka 2010 kwa sifa ya kujitafutia chakula uani na bado wakaongeza uzito kuliko wa kienyeji. Ukiwafungia na kuwanunulia kila punje, hiyo sifa ndiyo umeitupa. Tena wanakula kuliko hawa.

Dada wa Tororo uliyesema nigawe uzio mara mbili, upande mmoja upumzike majani yarudi huku kuku wako upande wa pili: ahsante, hiyo ndiyo akili. Shida ni nafasi, plot yangu ni 50 kwa 100 za futi na nyumba imo ndani. Ila kuwaning'inizia sukuma kwa kamba ili warukeruke nimeanza leo, na nimeona kudonoana kumepungua tangu mchana.

Mzee wa Bombo uliyeshauri niwafungulie jioni kwa muda wa saa moja tu nikiwa nimesimama na fimbo: shikamoo mzee, nimejaribu. Saa 11 na nusu nikafungua. Walitoka kwa vurugu kama wanafunzi siku ya kufunga shule, na nusu saa tu ikatosha kusafisha nyuma ya choo chote. Saa 12 na nusu giza linaingia wakarudi wenyewe, sikumfukuza hata mmoja. Hakuna aliyevuka kwa shangazi. Yeye alisimama mlangoni kwake muda wote, mikono kiunoni, midomo inachezacheza. Alikuwa anahesabu, nina hakika.

Kesho naenda tena kwa mwenyekiti kuomba hiyo saa moja iwe halali. Jogoo sina wa kumpelekea, nitapeleka sukari. Mwenye waya mzito wa mitumba, ule wa matundu madogo, kuanzia Busia hadi Mbale, anitafute huku huku. Nataka wa kufukia chini, mita 14. Na kama kuna anayejua dawa ya mbuzi asipande juu ya banda la kuku aniambie pia, maana nasikia kwato kwenye mabati sasa hivi na najua ni za nani.