Kura za maoni za kumteua mgombea umeya wa Green Party, London: namba moja nimpe nani, msemaji au mtendaji?

Mama Nasra (Custom House)

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Nimetoka zamu sasa hivi, hata viatu sijavua, lakini jambo hili linanisumbua tangu Jumapili.

Mimi ni mtu wa Tanga, London nina miaka kumi na minne, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Mwaka jana nilijiunga na Green Party. Nyumbani ukisema chama cha kijani watu wanasikia CCM; hiki ni kingine, cha mazingira na wapangaji. Sikuingia kwa kupenda siasa. Mwanangu wa pili ana pumu. Desemba 2020, pale uchunguzi wa kisheria uliposema kwamba hewa chafu ilichangia kifo cha Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka tisa wa Lewisham, usiku ule sikulala. Nilikaa kando ya kitanda cha mwanangu nikihesabu pumzi zake.

Sasa swali langu. Uchaguzi wa meya ni Mei 2028, ila chama huteua mgombea mapema, na wanaoteua ni sisi wanachama, kwa kuandika 1, 2, 3 mbele ya majina. Kwenye mikutano wenzangu wameanza kuwataja watu wawili. Mmoja akisimama ukumbi unanyamaza. Ana maneno, na kamera zinampenda. Wa pili ni diwani. Huyu anasoma karatasi, sauti haifiki nyuma. Lakini lifti yetu ilipokuwa mbovu alipanda ngazi mpaka ghorofa ya saba, akaingia bafuni kwangu, akapitisha kidole kwenye ukungu wa ukutani, akaandika. Baada ya wiki mbili akarudi kuuliza kama fundi amekuja.

Mashoga zangu wananiambia nachosha akili bure, kwa kuwa wote wawili hawawi meya. Labda. Basi nielezeni: hapo tunakuwa tunachagua mtu wa kufanya nini?

Mzee Hamadi (Leyton)

Mama Nasra mwanangu, pole na zamu.

Nimepiga kura tangu uchaguzi wa kwanza wa umeya, Mei 2000, Ken Livingstone alipoingia kama mgombea binafsi. Sisi wa nchi za Jumuiya ya Madola tunaruhusiwa, mradi tunaishi hapa kihalali na tumejiandikisha. Pasipoti ya Tanzania haizuii. Wengi wetu mpaka leo hawalijui hilo, na linaniuma.

Mashoga zako wanatazama karatasi moja. Siku ile unapewa tatu: ya meya, ya mjumbe wa eneo lako, na ya orodha ya London nzima. Baraza la London, linalosimamia kazi ya meya, lina wajumbe 25. Kumi na wanne ni wa maeneo, 11 wanatoka kwenye orodha za vyama kwa uwiano wa kura, na chama kisichofika asilimia 5 hakipati kitu hapo. Green hawajawahi kushinda eneo hata moja. Lakini hawajawahi kukosa viti: walianza na vitatu mwaka 2000, wakakaa na viwili kwa muda mrefu, wakarudi vitatu mwaka 2021 na tena 2024. Vyote vya orodha.

Utasema viwili vinafaa nini. Hesabu nami. Bajeti ya meya Baraza haliwezi kuibadilisha mpaka zifike theluthi mbili, yaani kura 17. Baada ya uchaguzi wa 2004 chama cha Labour, ambako Livingstone alikuwa amerudi, kilikuwa na viti saba. Wengine wote wakiungana ni 18, bajeti imepasuliwa. Weka viwili vya Green upande wa meya: wanakuwa tisa, wapinzani wanabaki 16. Kwa hiyo meya wa jiji lile kubwa ilimlazimu kukaa meza moja na watu wawili na kuwasikiliza.

Na wewe unayeishi nyumba za halmashauri, hili ni lako zaidi. Mwaka 2018 Meya Sadiq Khan aliweka sharti kwamba mitaa ya nyumba za umma ikitaka kubomolewa kwa fedha za City Hall, yaani ofisi ya meya, kwanza wakazi wapige kura. Siân Berry wa Green alilipigania jambo hilo akiwa mjumbe wa Baraza. Hakuwa meya, na hakuwahi kuwa.

Mgombea wa umeya wa chama kidogo ndiye uso wa ile karatasi ya tatu. Mimi ningempa diwani wako, maana akiingia Barazani kazi ni ya kupanda ngazi na kuandika. Ila muulize kama atakaa. Mwaka 2024 Berry alichaguliwa kupitia orodha, akajiuzulu siku chache baadaye ili agombee ubunge Brighton, na kiti kikaenda kwa Zoë Garbett aliyekuwa anafuata kwenye orodha, ambaye ndiye alikuwa mgombea umeya. Sheria inaruhusu, na Garbett ni mtu wa kazi, alikuwa diwani Hackney. Hata hivyo walionung'unika walikuwa na hoja.

Binti Likoni (Woolwich)

Shikamoo Mzee Hamadi. Hesabu za viti nazikubali. Kwa diwani tutaachana njia.

Mpaka 2021 mtu alikuwa na chaguo la kwanza na la pili. Siân Berry, akigombea umeya, alipata zaidi ya kura 400,000 za chaguo la pili mwaka 2016, na vivyo hivyo 2021. Watu walimpenda bila hofu. Mwaka 2024 sheria ilikuwa imebadilika, alama ni moja tu, na kura za umeya za Green zikashuka kutoka asilimia 7.8 hadi 5.8. Mwaka huohuo kura zao za orodha zilikaribia mara mbili ya alizopata Garbett. Fikirieni hao: wanakipenda chama, lakini kwenye karatasi ya meya mkono ukaenda kwingine. Nani atawarudisha? Si mtu anayesoma karatasi.

Na kuna dhamana ya mgombea umeya, pauni 10,000, usipofika asilimia 5 inapotea. Jenny Jones wa Green mwaka 2012 alishika nafasi ya tatu London nzima akiwa na asilimia 4.48, na bado fedha zikaenda. Mwaka 2024 Garbett alipitwa na mgombea wa Liberal Democrats kwa kura zisizofika 300. Mia tatu, katika jiji hili! Sauti inayofika nyuma ya ukumbi inazipata hizo kwa jioni moja.

Serikali ilipeleka muswada bungeni 2025 wa kurudisha chaguo la pili. Likirudi kweli kabla ya kura yetu, yatakuwa mengine. Mimi sipangi juu ya mvua ambayo haijanyesha.

Mwana Bukavu (Tottenham)

Salamu kwa wote. Kongo haimo katika Madola, kwa hiyo nitapiga kura siku nitakayopata uraia. Ndiyo maana nasoma kila neno lenu.

Ninaomba jambo moja. Agosti 2023 ada ya hewa safi ilipoenea London nzima, gari langu la zamani lilidaiwa pauni 12.50 kwa kila siku ninayotoka. Nilipata ule msaada wa pauni 2,000 wa kuondoa magari ya zamani, nikalitoa, nikaongeza deni kununua lingine. Hewa safi ninaitaka, nina watoto. Lakini namtaka mgombea anayejua deni hilo linaonjeka vipi. Mama Nasra, waulize wote wawili. Yule atakayejibu haraka sana, muogope.

Mama Nasra (Custom House)

Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mume wangu asikie.

Mzee Hamadi, ile ya saba na viwili nimeiandika nyuma ya kalenda ya jikoni. Binti Likoni, umenichoma kidogo, maana kura 300 ni majengo matatu ya huku kwetu, na siwezi kusema diwani wangu angezipata kwa alivyo sasa. Baba wa Bukavu, swali lako nitaliuliza neno kwa neno, na la kukaa miaka minne pia.

Bado namba moja ninampa diwani. Msemaji ataandikwa mbili. Mtu anaweza kufundishwa kunyanyua sauti; ile wiki ya pili, ya kurudi kuuliza, sijui inafundishwa wapi. Nimempigia simu leo mchana. Jumamosi saa kumi anakuja kwangu, nimewaalika majirani wa ghorofa ya tano, sita na saba, maandazi juu yangu. Nimemwomba karatasi aiache kwake.