Mjadala: Je, gari lililokodiwa na kundi lifuate masharti yaleyale ya basi la abiria?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyo mbele yetu ni kama gari linalokodiwa na kundi la watu kwa ajili ya harusi, msiba au safari ya shule lisimamiwe kwa masharti ya basi la abiria, au makubaliano kati ya mwenye gari na wanaolikodi yanatosha. Mchangiaji aliyetangulia ameshikilia kwamba yanatosha, kwa kuwa hao ni watu wazima waliojichagulia wenyewe, na kwamba masharti zaidi yatapandisha nauli hadi watu waamue kujiendesha usiku wa sherehe. Hoja yake ya pili ina uzito. Ya kwanza siikubali hata kidogo.

Huwezi kusema mtu amechagua jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua. Abiria huona viti safi na dereva nadhifu. Haoni bomba la breki lililoliwa na kutu, wala hajui kama leseni ya dereva ni ya daraja linalomruhusu kubeba watu wengi. Tarehe 6 Oktoba 2018, huko Schoharie katika jimbo la New York, Marekani, watu 17 walikuwa ndani ya limuzini ya kukodi, yaani gari lililorefushwa ili libebe watu wengi, wakielekea kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa. Gari lilikuwa likishuka mteremko mrefu breki zilipokataa, likavuka makutano ya barabara bila kusimama, na wakafa wote waliokuwamo pamoja na dereva, na watu 2 waliokuwa kwenye maegesho: jumla 20, wakiwamo dada 4 wa familia moja. Watu hao walikuwa wamefanya lile tunaloombwa sote tulifanye, yaani kumwachia usukani mtu mwingine.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba sheria zilikuwapo. Mwezi mmoja kabla, wakaguzi wa jimbo walikuwa wamelikagua gari hilo na kuamuru litolewe barabarani, na dereva hakuwa na idhini ya kuendesha gari la aina hiyo. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ilipochunguza, ililaumu kampuni kwa kupuuza usalama, ikalaumu pia usimamizi dhaifu wa idara ya usafiri ya jimbo. Kwa hiyo naomba tusishindane kuongeza vifungu tu. Gari likikutwa na kasoro ya breki au usukani, namba zake zing'olewe palepale, na matokeo ya ukaguzi yawekwe mahali ambapo yeyote anaweza kuyasoma kabla ya kulipa malipo ya awali.

Hata hivyo, yapo mapengo ya kweli katika sheria zenyewe. Gari lililokatwa na kurefushwa baada ya kutoka kiwandani si gari lilelile tena, kwani uzito umeongezeka, na viti vya pembeni mara nyingi havina mikanda inayofaa. Lipimwe upya kama chombo kipya. Pengo la pili ni uchovu. Kanuni za Umoja wa Ulaya humtaka dereva wa basi apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu, lakini dereva wa harusi huenda akaendesha saa 2 tu, katikati akasubiri usiku kucha, kisha akarudisha watu alfajiri akiwa hajalala. Saa za kusubiri nazo zihesabiwe kuwa kazi. Nchini Uingereza, Novemba 1993, wanafunzi 12 na mwalimu wao aliyekuwa akiendesha walikufa katika basi dogo lililokuwa likirudi usiku wa manane kutoka kwenye onyesho la muziki. Baadaye mikanda ililazimishwa kwa mabasi madogo yanayobeba watoto, na ni vyema, ila mkanda haumwamshi dereva.

Kuhusu gharama, nakubali kwamba mwenye gari moja asitozwe ada sawa na mwenye magari hamsini, na ukaguzi wa kwanza wa mwaka ungeweza kuwa bure, ule wa marudio baada ya kushindwa akaugharimia mwenyewe. Sasa namwomba mchangiaji aliyetangulia anijibu: kati ya masharti haya, ni lipi ambalo angekubali liondolewe kwenye gari litakalowabeba watoto wake?